Maji, Oili na Upepo: Habari za Kukagua Motokaa Katika Nchi ya Mpanda

Vijitabu vinavyotoka kiwandani pamoja na motokaa huzungumza na mtu mmoja tu, naye ni mwenye mali. Humwagiza apime oili, atazame maji ya rejeta na aguse matairi kabla ya safari, na humwahidi kuwa akiyafanya hayo nyumbani kwake kwa dakika chache hatauona mlango wa gereji mara nyingi. Katika nchi ya Mpanda, kwenye pembe ya magharibi ya Tanzania ambayo tangu mwaka wa 2012 ndiyo Mkoa wa Katavi, maneno hayo kwa muda mrefu yalimpita aliyekusudiwa. Mwenye motokaa alikuwa serikali, au kampuni ya mgodi, au misheni, au tajiri wa duka. Na aliyefungua boneti alfajiri alikuwa mtu mwingine kabisa, asiyekuwa na hata gurudumu moja la kwake. Kwa hiyo historia ya ukaguzi wa motokaa nyumbani, ikiandikwa kwa nchi hii, haiwezi kuanza na wenye motokaa. Yapasa ianze na dereva na utingo wake, kisha ifuate namna elimu yao ilivyowafikia wenye mali kwa kuchelewa, na pengine kwa upungufu.

Sababu ya kwanza ni umbali. Kutoka Mpanda mjini hadi Tabora, kwa njia ya Inyonga na Mto Koga, ni mwendo wa kilomita zipatazo 350. Kwenda Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 200, na njia hupita Sitalike, hukata mbuga ya wanyama ya Katavi, kisha hupanda ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Katikati ya miji hiyo pana miombo, pana mbung'o, na pana mabonde ya udongo mweusi ambao wakati wa mvua, tangu Novemba hata Aprili, hushika gurudumu kama ulimbo ushikavyo ndege. Mvua zikiisha udongo ule ule hugeuka vumbi jembamba kama unga wa muhogo, likaingia kila mahali penye tundu. Motokaa ikizimika katika nchi ya namna hiyo haina wa kuisaidia ila wale waliomo ndani yake. Ulaya, ukaguzi wa asubuhi ulikuwa njia ya kupunguza gharama. Huku ulikuwa njia ya kufika.

Motokaa za kwanza zilidai kukaguliwa kwa kiasi ambacho mtu wa leo angekiona ni adhabu. Mjerumani Paul Graetz, afisa wa jeshi, alitoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 akakusudia kukata Afrika kwa motokaa, akafika Swakopmund kwenye bahari ya magharibi tarehe 1 Mei 1909, baada ya siku 630. Petroli yake ilitangulizwa njiani juu ya vichwa vya wapagazi, na siku nyingi za safari yake hazikuwa siku za kwenda bali za kungoja vipuli. Mwaka wa 1908, yeye angali njiani, Henry Ford alianza kuuza Marekani motokaa yake ya namna ya T, ambayo baadaye ilienea duniani kote na kuingia Afrika ya Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Motokaa hiyo haikuwa na kijiti cha kupimia oili. Chini ya injini palikuwa na vibomba viwili vidogo, kimoja juu ya mwenziwe. Dereva alilala chini, akakifungua cha juu, kisha cha chini, na oili ikitoka katika cha chini bila ya kutoka katika cha juu alijua kuwa kipimo ni cha haki. Petroli nayo ilipimwa kwa kuondoa kiti cha mbele na kuchovya kijiti katika tangi. Tena tangi lile halikuwa na pampu, petroli ikatiririka kwa uzito wake wenyewe. Basi petroli ikiwa haba na mlima ukiwa mkali, motokaa ilipandishwa kinyumenyume ili tangi liwe juu ya injini. Mtu aliyelea chombo cha namna hiyo hakuweza kutojua kilichomo ndani yake.

Majina ya viungo vya motokaa yanashuhudia ni nani aliyevishika. Gari ni neno lililokuja kutoka Bara Hindi kabla ya injini. Lilikuwa la kukokotwa na ng'ombe au kusukumwa na watu. Yaliyofuata yalitoka katika Kiingereza kwa njia ya sikio, si kwa njia ya kitabu: breki, giya, springi, rejeta, plagi, spana, tairi, pancha. Aliyeyasikia aliyasikia karibu na injini inayonguruma, akayarudisha kwa ulimi wake, na namna alivyoyatamka ndivyo yalivyobaki. Lakini penye kazi ya kila siku Kiswahili hakikuazima. Matairi hutiwa upepo. Injini iliyopata joto kupita kiasi huchemsha. Tairi lililolika huwa kipara. Oili iliyokwisha nguvu hufa. Lugha huazima jina la kitu na huwaza yenyewe juu ya matendo yake, na mwanafunzi wa misamiati angefanya vema kukaa siku moja karibu na lori lililoinuliwa kwa jeki.

Shule kubwa ya ukaguzi ilikuwa jeshi. Katika Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza iliandika maelfu ya vijana wa Afrika ya Mashariki katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi, wakafundishwa kuendesha malori na kuyatunza. Misafara yao ilipita katika Njia Kuu ya Kaskazini, kutoka Rodesia ya Kaskazini kupitia Tanganyika hadi Kenya. Ikaingia Uhabeshi mwaka wa 1941, na baadaye ikafika Burma. Jeshi halikumwachia dereva aangalie gari lake apendavyo. Lilimgawia sehemu ya kutazama kila siku, leo matairi na karanga zake, kesho betri, kesho kutwa breki, hata gari zima likazungukwa, kisha kazi ikaanza upya. Yule aliyekuwa hajui kusoma alijifunza mpango huo kwa moyo, kama mtoto wa chuoni ajifunzavyo sura fupi. Vita ilipokwisha mwaka wa 1945 watu hao walirudi makwao, na wengi walishika usukani wa malori ya wafanyabiashara na wa serikali. Waliyoyahifadhi walikuja nayo.

Wakati huo huo Mpanda ilikuwa inabadilika kuwa mji. Madini ya risasi yalikuwa yamegunduliwa katika nchi hiyo katika miaka ya 1930, na baada ya vita mgodi wa Mukwamba ulianza kufanya kazi chini ya kampuni ya Uruwira Minerals. Ili risasi ipate njia ya kwenda pwani, ilijengwa reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, penye reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma tangu mwaka wa 1914. Tawi hilo lilifunguliwa mwaka wa 1950. Reli iliuondolea mji wa Mpanda taabu ya mizigo mikubwa, lakini haikuondoa malori. Ilizidisha haja yake, kwa kuwa mbao za mninga, asali, nta na tumbaku havina miguu ya kuvifikisha stesheni. Mgodi nao hauendi bila ya karakana, na karakana hufundisha watu hata kama haikujengwa kwa ajili ya kufundisha. Mgodi ulipofungwa mwaka wa 1960, mitambo iliondoka au ikaliwa na kutu. Mikono iliyokwisha kujua haikuondolewa.

Yafaa kueleza kwa kituo jinsi lori la miaka hiyo lilivyokaguliwa, maana utaratibu wake ulikuwa na hoja ndani yake. Utingo ndiye aliyeamka kwanza. Jambo lake la kwanza lilikuwa maji, na hii ndiyo sababu mafundi wa nchi hii husema maji, oili na upepo kwa mpango huo huo hata leo. Mifuniko ya rejeta za zamani haikubana. Mvuke ulipita bure, na maji yalipungua kila siku hata kama hakuna kinachovuja. Tena Mpanda iko juu ya usawa wa bahari kwa mita elfu moja na ushei, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye joto la nyuzi 96 au karibu yake, si 100 kama kwenye pwani. Injini iliyopanda Lyamba lya Mfipa na shehena ya tumbaku ilikuwa imepungukiwa na akiba ya joto kabla haijaanza kupanda. Ndiyo maana kila lori lilifunga debe la maji ubavuni, lile lile debe la galani nne ambalo lilikuja nchini limejaa mafuta. Utingo alitia maji asubuhi, injini ingali baridi. Kwa kuwa aliyefungua mfuniko wa rejeta iliyochemka aliungua uso, na makovu ya watu wachache yalitosha kuwafundisha wengi.

Kisha ilifuata oili. Lori lilipaswa kusimama mahali sawa, na injini iwe imepumzika, ili oili iliyotapakaa juu ipate kushuka katika bakuli lake. Kijiti kilitolewa, kikafutwa kwa kitambaa, kikarudishwa, kikatolewa tena. Mara ya kwanza si kipimo, kwa maana oili hurukia juu ya kijiti safari nzima. Wajuzi hawakutazama kimo peke yake. Waliisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada: ikikwaruza ina vumbi la chuma, ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia mahali pasipo pake, na safari hiyo isianze. Alama mbili za kijiti huonyesha kiasi tu. Ubaya hujulikana kwa kidole.

Lakini kazi iliyokuwa ya Mpanda hasa, ambayo vijitabu vya Luton na Coventry vilikuwa vimeitaja kwa maneno machache, ilikuwa kazi ya vumbi na majani. Magari mengi ya miaka ya 1950, pamoja na Land Rover iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1948, yalisafishiwa hewa kwa bakuli la oili: hewa ilipita juu ya oili na kuacha vumbi lake humo. Katika nchi ya mvua za kila wiki bakuli hilo lilisahauliwa miezi mingi bila madhara. Katika kiangazi cha Katavi matope yalijaa bakuli kwa siku chache, na injini isiyosafishiwa ilimeza mchanga, ikala pete zake, ikaanza kutoa moshi wa buluu. Majani nayo yalikuwa na hila ya namna nyingine. Njia za gari zilikuwa nyayo mbili za magurudumu zenye ukanda wa majani katikati, na majani yakikomaa mbegu zake huruka na kuganda katika matundu ya rejeta kama blanketi, hata upepo usipite. Mengine hujikusanya juu ya bomba la moshi, yakakauka na kuwaka. Malori yaliyoungua njiani katika miombo mara nyingi hayakuunguzwa na petroli. Yaliunguzwa na nyasi ambazo mtu mwenye fimbo na dakika tano angeziondoa.

Yafaa kusema neno juu ya lawama iliyokuwa ikitupiwa madereva wa Kiafrika nyakati za ukoloni, kwamba hawatunzi mashine kwa kuwa si mali yao. Lawama hiyo ilirudiwa sana hata ikawa kama elimu. Hata hivyo waliotoa lawama hawakuwa chini ya gari. Dereva aliyekwama Koga na mzigo wa watu wengine alilala hapo na mbu na mbung'o. Tajiri wake alilala mjini. Katika hali kama hiyo asiye na mali ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuichunga. Iwapo gari liliharibika, mara nyingi kilichokosekana hakikuwa uangalifu, bali kipuli ambacho mwenye mali alikataa kukinunua mpaka cha zamani kikatike kabisa.

Nchi hii ilikuwa pia na ukaguzi wa aina nyingine, usiokuwa na habari na injini. Malale yalikuwa yamewaangamiza watu wengi katika Jimbo la Magharibi, na tangu miaka ya 1920 serikali ilihamisha watu na kuwakusanya katika vijiji vikubwa ili kuwatenga na mbung'o. Kwa kuwa mbung'o hufuata kitu chochote kiendacho, na motokaa humvutia kama nyati, magari yalisimamishwa kwenye vizuizi na watumishi wenye vyandarua wakayapekua chini na juu kabla hayajaruhusiwa kupita. Dereva akazoea kuwa gari ni kitu cha kupekuliwa.

Baada ya Uhuru mizigo ya Mpanda iliongezeka. Mwaka wa 1974 wilaya hiyo ilitolewa katika Tabora ikatiwa katika Mkoa mpya wa Rukwa. Wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka wa 1972 walipewa ardhi Katumba tangu 1973 na Mishamo tangu 1978, wakalima, na mahindi yao yalihitaji malori. Ndipo ukaja uhaba. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka wa 1973 na tena 1979. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilichukua magari mengi ya raia na fedha nyingi za kigeni. Motokaa za watu binafsi zikakatazwa kutembea Jumapili alasiri. Tairi jipya likawa jambo la kuombewa barua. Katika miaka hiyo ukaguzi wa asubuhi ulibadilika tabia. Kuona kasoro hakukuwa na maana ya kuiondoa, kwa kuwa cha kuiondolea hakikuwapo. Utingo alikagua ili ajue ataishi na kasoro ipi siku hiyo. Tangi linalovuja lilizibwa kwa sabuni ya mche, na hilo halikuwa baya, maana petroli haiyeyushi sabuni. Tairi lililopasuka lilishindiliwa majani hata likabeba gari mpaka kijijini. Lakini yalikuwapo na mengine. Mafuta ya breki yalipokosekana, baadhi ya watu walitia maji ya sabuni. Breki ilishika asubuhi kama kawaida. Ilipopata joto kwenye mteremko mrefu maji yaligeuka mvuke, na mvuke hubonyea, basi mguu ukazama hadi sakafuni na gari lisipungue mwendo. Werevu wa miaka ile husifiwa sana sasa, na mwingi wastahili sifa. Huu wa breki haustahili.

Ruhusa ya kuingiza bidhaa kwa fedha za mtu mwenyewe, iliyotolewa mwaka wa 1984, ilianza kufungua mlango, na katika miaka iliyofuata magari yaliyokwisha kutumika Japani yaliingia kwa wingi hata yakafika Mpanda. Hapo ndipo mwenye motokaa na dereva wake walipokuwa mtu mmoja: mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa mpunga. Motokaa hiyo ndogo haina utingo. Rejeta yake imefungwa kwa mfuniko unaobana, ambao hupandisha kiwango cha kuchemka kwa maji kupita nyuzi 110, na maji yake hayapungui ila pana kasoro. Kwa hiyo mwenyewe hana sababu ya kufungua boneti kila siku, na asiyekuwa na sababu huacha. Baadhi ya yaliyoachwa hayana hasara. Baadhi yana hasara iliyojificha, kwa mfano mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa taratibu, na baada ya miaka miwili hivi huanza kufanana na yale maji ya sabuni, ingawa chupa yake ilinunuliwa dukani kwa bei halali.

Kisha ikaja lami. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 njia ya Tabora ilikuwa imewekewa lami, na safari iliyokuwa ya siku nzima au siku mbili imekuwa ya saa chache. Lami imefanya jambo ambalo halikutazamiwa: imegeuza mpango wa maji, oili na upepo juu chini, na jambo lililokuwa la mwisho limekuwa la kwanza. Katika njia ya vumbi mwendo ulikuwa mdogo, na tairi kipara lilisamehewa. Dereva wa zamani hata alipunguza upepo kwa makusudi ili avuke mchanga, naye alifanya sawa. Lakini tairi lenye upepo haba likikimbizwa kwa kilomita 100 kwa saa hujikunja na kujikunjua bila kupumzika, hupata joto ndani ya nyuzi zake, na hupasuka, mara nyingi adhuhuri, katika njia iliyonyooka, wakati dereva hana wasiwasi. Desturi iliyokuwa ya busara katika matope imekuwa ya hatari kwenye lami, na hakuna aliyeibadilisha kwa kuwa hakuna aliyeiandika. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka wa 1973 hukataza gari bovu kuwa njiani, na polisi hukagua na kubandika vibandiko katika wiki ya usalama; lakini upepo wa tairi ni jambo la asubuhi moja, na kibandiko ni cha mwaka mzima.

Kijitabu nacho hatimaye kimempata msomaji wake. Kimo ndani ya kisanduku cha mbele, safi, hakijakunjwa. Na kimeandikwa Kijapani. Mwenye motokaa wa Mpanda aliyeachwa na utingo na kunyimwa kitabu amebakiwa na yale yaliyopigwa chapa kwenye chombo chenyewe. Nayo si haba. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne ndani ya duara la mviringo mrefu, mbili za wiki na mbili za mwaka: 2319 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka wa 2019, hata kama muuzaji wa matairi yaliyotumika amelipaka rangi nyeusi likang'aa. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva pana kibandiko cha upepo, kilichoandikwa kwa kipimo ambacho geji ya kijana wa pampu haikijui. 220 ya kibandiko ni pauni 32 za geji, nazo zapimwa asubuhi kabla ya motokaa kutembea, maana tairi lililokwisha kupata joto hudai kuwa limejaa.